Kisumu miaka ya sabini: niliwaonjea chumvi ya futari, mkekani sikukaa

Wakuu, salamu kwenu nyote, waliofunga na wasiofunga.

Mimi ni bibi wa Musoma. Natype kwa kidole kimoja, kwa hiyo nivumilieni. Humu jukwaani huwa nasoma tu na kupita kimya kimya. Leo nimeamua kuanzisha uzi kwa sababu jana jirani aliniita futari, na nikajikuta nalia mbele ya sahani ya mihogo mpaka mwenye nyumba akadhani mihogo ni michungu.

Nilichoandika hapa kimenitokea mimi mwenyewe. Majina ndiyo nimebadilisha, maana watoto wa watu wapo hai.

Na nyie wa "bila picha ni chai", mwaka sabini na tatu mwenye kamera alikuwa mpiga picha wa mjini, na alitaka ukae umejikaza kama umemeza mwiko. Picha sina. Wavivu wa kusoma ndefu, rukeni mwende chini kabisa, hamtanikosea.

Twende.

Mume wangu Magesa alikuwa fundi wa injini kwenye meli za ziwani. Enzi hizo reli, bandari na meli za nchi zetu tatu zilikuwa chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, hivyo mtu wa Musoma akipangiwa Kisumu anafunga virago anakwenda, kama leo unavyohamishwa Mwanza kwenda Shinyanga.

Tukapangiwa Kisumu.

Wakubwa wake walikaa Milimani, kwenye nyumba za bustani na gari mlangoni. Sisi tulipanga chumba Kaloleni, kwenye kiwanja cha mjane mmoja. Magesa alikuwa anaondoka na meli siku nyingi kuliko alizolala nyumbani. Nami nilikuwa msichana tu, sina mtoto, sina ndugu, Kijaluo sijui hata salamu.

Mwenye nyumba aliitwa Mama Saida. Mjaluo, na Mwislamu. Najua kuna mtu ameinua nyusi, hata mimi niliinua. Nilidhani Wajaluo wote ni wa kanisani. Kumbe ng'ambo ya ghuba, Kendu Bay, wapo Wajaluo Waislamu wa tangu zamani, na marehemu mume wake alikuwa wa huko. Alikuwa mama mnene, mpole wa sauti, mkali wa macho. Miezi ya kawaida aliuza mandazi asubuhi. Aliishi na binti yake Saida, aliyekuwa anajifunza ushonaji.

Chumba cha tatu alipanga Mama Njeri, Mkikuyu wa Nyeri, muuza viazi sokoni. Kiwanja kizima ndio sisi.

Siku ya kwanza nikainama nikasema, "Shikamoo Mama."

Akajibu, "Mzuri sana."

Nikajua niko ugenini.

Jina langu hakulitumia hata siku moja. Aliniita Nyar Tanzania, yaani binti wa Tanzania, na mtaa mzima ukafuata.

Sasa Ramadhani ikaingia.

Mimi nimelelewa kanisani, Ramadhani nilikuwa naijua kwa mbali. Nilikuwa nimesikia habari za Unguja, kwamba mwezi ule mchana mji unanyamaza na huoni mtu akitafuna hadharani. Kisumu siyo hivyo. Kule waliofunga ni wachache, na mji haukuwa na habari nao. Samaki walikaangwa kando ya barabara kama kawaida, ngege wazimawazima wanageuzwa mafutani, chai inamiminwa, watu wanakula wamesimama. Mama Saida alikuwa anapita katikati ya harufu ile na kikapu chake, anasalimia huku na huku. Mtu akimkaribisha anajibu, "Jioni." Hakununa wala hakumsema mtu.

Mimi nikamhurumia, nikaanza kujificha. Nilikuwa nafunga mlango, nakula ugali wa jana uliopoa ili harufu isitoke. Siku ya tatu au ya nne hivi akagonga, akasukuma mlango, akanikuta na tonge mdomoni.

"Sasa mbona unakula kama mwizi?"

Nikamwambia sitaki kumharibia saumu.

"Saumu yangu haiwezi haribika na pua. Wewe pika chakula moto, ule kama mtu."

Basi, nikaanza kupika mlango wazi.

Jioni ya siku hiyohiyo akaniita jikoni. Wakuu, hapa ndipo penyewe, msome polepole.

Marehemu mume wake alikuwa na desturi ya kupeleka chungu cha futari msikitini kila jioni ya Ramadhani, kwa ajili ya wasafiri na watu wasio na wa kuwapikia. Alipofariki, mjane akaendeleza. Chungu kile kilikuwa heshima yake. Mchuzi ukipooza, au ukizidi chumvi, wanaume wa msikiti mzima wanajua mjane wa fulani leo kachoka.

Na yeye amefunga, hawezi kuonja.

Najua masheikh wa humu mtaniambia kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema kunaruhusiwa. Mama Saida hakutaka cha kuruhusiwa. Alitaka saumu yake nzima.

Kabla yangu mwonjaji alikuwa Mama Njeri, lakini alifutwa kazi. Alikuwa anaonja mpaka chungu kinapungua.

"Nyar Tanzania, kuja hapa. Onja hii chumvi."

Akachota mchuzi kwa mwiko, akanidondoshea kiganjani. Nikalamba. Macho yake yalikuwa usoni kwangu kama mtu anayesubiri majibu ya mtihani.

"Imekolea?"

"Bado kidogo, Mama."

Akaongeza. Nikalamba tena.

"Imekolea."

Akafunika chungu.

Kuanzia jioni ile hiyo ikawa kazi yangu. Samaki, maharagwe, pojo (kwetu choroko), uji wa wimbi (kwetu ulezi) wenye ndimu, vyote vilipita kiganjani mwangu kwanza. Nilijiona waziri. Msichana asiye na mtu ugenini, halafu kuna nyumba haiwezi kufungua saumu mpaka mimi niseme ndiyo. Nilikuwa nakaa naangalia jua likiteremka upande wa ziwa, nasubiri kuitwa.

Halafu adhana inalia.

Saida anatandika mkeka mbele ya nyumba, chini ya paa la mabati. Tende, uji, viazi vitamu, mchuzi. Wanaketi. Mama Saida, kabla hajatia tende mdomoni, ananigeukia mimi niliyesimama mlangoni kwangu.

"Karibu, Nyar Tanzania."

Mara moja tu, kwa sauti ya chini.

Nami najibu, "Asante Mama, nimeshiba."

Nilikuwa sijashiba. Njaa ilikuwa inaniuma, na mchuzi ule mimi ndiye niliyejua ulivyo. Lakini mama yangu mzazi alinilea kwamba mtu mwenye adabu haingii kwenye chakula cha watu kwa mwito wa kwanza. Ukiitwa mara ya kwanza unashukuru. Mara ya pili unasema utakuja. Mara ya tatu wanakushika mkono ndipo unanyanyuka. Anayekimbilia mwito wa kwanza, kwetu tulimwita mlafi, na binti mlafi aliharibu jina la mama yake.

Nikawa nasubiri mwito wa pili.

Mwito wa pili haukuja. Alikuwa anainamisha kichwa, anasema bismillahi, wanakula.

Mama Njeri je? Mama Njeri alikuwa anatoka sokoni na vumbi lake, anaitwa mara moja, ananawa, anakaa. Mkristo mwenzangu, tena alikuwa haachi kanisa Jumapili. Siku moja nikamuuliza haoni haya. Akanicheka.

"Mimi nikiitwa chakula sisumbui mtu. Ati nimeshiba? Nimeshiba na nini, na hujaona nikikula?"

Nikaingia ndani. Kuta zilikuwa nyembamba. Nilisikia vijiko, nilisikia wakicheka, nilisikia Mama Njeri akiomba aongezewe. Niseme ukweli niliohisi: niliumia. Nilijiambia mimi kwao ni ulimi tu. Kuonja chumvi nafaa, kukaa nao sifai. Wananikaribisha kwa mdomo, kama watu wanavyosema karibu kwa kila apitaye njiani.

Baadaye kidogo Saida anakuja na sahani iliyofunikwa. "Mama anasema ule." Nayo nikaitafsiri vibaya. Nikaona wananiambia, kula huko huko kwako.

Najua kuna kijana hapo anataka kucomment "si ungekaa tu, bibi." Hata marehemu Magesa aliniambia hivyo. Aliporudi na meli nikamlalamikia, akasema, "Wewe unasubiri ubebwe?" Nikanuna naye siku mbili. Kukaa tu si rahisi hivyo, mjukuu. Malezi yamekushika shati kwa nyuma.

(Nilikwenda kutoa sufuria jikoni. Tuendelee.)

Ramadhani ya pili ikanikuta hivyo hivyo. Naonja, naitwa mara moja, nakataa, naletewa sahani.

Siku moja mzee aliyekuwa anarudisha chungu kutoka msikitini akakiweka chini, akamwambia Mama Saida taratibu, "Mama, hii mchuzi ya leo ulitoa Magadi?"

Kwa wasiojua, Magadi ni ziwa la magadi na chumvi huko Bonde la Ufa. Watu wa msikiti walikuwa wamefungua kinywa wakaishia kugombania maji.

Nilitamani ardhi ipasuke. Mama Saida akamwomba mzee yule msamaha, akapokea chungu. Kisha akanijia mlangoni, akaniangalia kuanzia miguuni mpaka usoni.

"Nyar Tanzania. Jana pia uliniambia niongeze. Na juzi."

"Mama, mimi niliona imepungua."

"Wewe uko na mimba."

Nikakataa katakata. Yeye akaenda zake, anacheka peke yake. Haukupita muda, ikawa kweli. Wakuu, mimba yangu ya kwanza ilijulikana na chungu cha msikiti kabla ya mume wangu na kabla yangu mimi.

Hakunifuta kazi. Alisema, "Sasa wewe ukisema bado, mimi najua imetosha." Ramadhani ile ikaisha kwa mtindo huo.

Neema alipozaliwa, ni Mama Saida aliyenikanda kwa maji ya moto, akanipikia uji wa wimbi, akasimama juu yangu mpaka kikombe kiwe kitupu. Mama yangu alikuwa ng'ambo ya ziwa. Huyu ndiye aliyekuwa mama. Mambo yote hayo tulifanya pamoja, ila ule mkeka.

Ramadhani iliyofuata nilikuwa na mtoto mgongoni, nikawa na kisingizio kipya: mtoto analia, mtoto amelala.

Ikaja ya nne.

Mwaka ule hali mjini ilianza kubadilika. Magesa alikuwa anarudi kutoka kazini na maneno ya wasiwasi, kwamba Jumuiya inayumba, kwamba wenzao Wakenya wanaanza kuwaita "nyinyi wa upande ule". Siku moja sokoni mwanamke mmoja aliniuliza narudi kwetu lini. Labda aliuliza kwa wema tu. Mimi lilinichoma. Kwa hiyo Ramadhani ile nilikuwa na ngozi nyembamba, kila neno linapenya.

Neema alikuwa ameshaanza kutembea. Na Neema hakulelewa na mama yangu. Adhana ikilia, anatoka mbio na vile vimiguu vyake, anakwenda kuketi pajani kwa Mama Saida, anafungua mdomo, anatiwa tende. Hajui habari ya mwito wa kwanza wala wa tatu.

Mimi nasimama pembeni ya mkeka, nimekuja kumchukua.

Mama Saida ananiangalia. "Karibu, Nyar Tanzania."

"Nimekuja kumchukua mtoto tu, Mama."

Nilikuwa hatua moja kutoka kwenye mkeka ule. Nikinyoosha mguu nimefika. Nikambeba Neema akipiga kelele, nikarudi ndani. Nimeyakumbuka haya mara nyingi sana nikiwa nimelala, na kila mara natamani ningeteleza tu nikaanguka pale.

Karibu na mwisho wa mwezi nikachoka na ujinga wangu. Nikaamua: liwalo na liwe, siku ya mwisho nitakwenda. Sitangoja kuitwa hata hiyo mara moja. Nitapika cha kwangu, nitaweka katikati yao, nitaketi. Siku ya mwisho ina uzito, nilijiambia, itafunika zile nyingine zote.

Nikahesabu siku thelathini. Mimi mtu wa kanisani, kalenda yangu ya ukutani. Asubuhi ya siku ile ya thelathini nikaamka mapema nikanunue ngege wakubwa, wale ambao ukiwapika na nyanya na kitunguu huhitaji maneno.

Sikufika hata getini. Nikasikia takbira.

Saida akatoka amevaa gauni jipya, amelishona kwa mikono yake mwenyewe. "Mama Neema, Idi Mubarak. Mwezi umeonekana jana."

Waislamu mnacheka hapo. Mtoto wa madrasa wa miaka sita anajua mwezi unaweza kuandama ishirini na tisa. Mimi nilikaa nao miaka yote ile, nikaonja kila chungu, na hilo sikulijua. Miaka iliyotangulia mwezi ulitimia au haukutimia, mimi sikuwa na sababu ya kuhesabu.

Futari ya mwisho ilikuwa imeliwa jana yake, mimi nikiwa ndani napanga nitavaa kitenge gani.

Sikukuu nilikula, tena pilau mpaka basi. Lakini Idi ni ya kila mtu, wanakuja mpaka wapita njia, mnakula kwenye mabenchi. Mkeka ule wa jioni ulikuwa wa watu wa nyumbani. Nikajifuta machozi nikasema, basi, mwaka ujao. Siku ya kwanza kabisa.

Mwaka uliofuata, hata mwezi wa pili haujaisha, Jumuiya ikavunjika na mpaka ukafungwa. Wenye umri wangu mnakumbuka. Kila mfanyakazi akaambiwa arudi kwao. Tulipakia vitu kwenye lori kwa haraka, godoro, sufuria, kitanda cha Neema.

Mama Saida alisimama pembeni amejifunga leso kiunoni, kama anayetaka kusaidia na hajui ashike nini.

"Sasa chumvi nani ataonja?"

"Mama Njeri yupo," nikasema.

"Mama Njeri atamaliza chungu."

Tukacheka, kwa sababu kulia mbele ya wapagazi ni aibu. Akambusu Neema. Lori likaondoka.

Miaka ikapita. Barua zilikuwa hazifiki, au zilifika zimechoka. Magesa alipata kazi nyingine Musoma. Mpaka ulipofunguliwa, nilingoja Ramadhani kwa makusudi. Nikamchukua Neema, sasa msichana wa shule, na zawadi moja tu: mfuko wa chumvi ya Uvinza, kule Kigoma. Mnaoijua Uvinza mnajua. Nilitaka niingie pale jikoni, niweke mfuko mezani, nionje, na jioni nikae kabla hajamaliza kusema ka.

Tulifika Kisumu jioni tumechoka. Kiwanja kile kile, lakini aliyetoka alikuwa Mama Njeri, amenenepa, ana duka sasa.

"Mama Saida alienda boma ya marehemu bwana yake, Kendu Bay," akasema. "Afya ilimsumbua. Lakini nyinyi si mmepita Katito? Hiyo njia ya Kendu Bay inakatia hapo Katito."

Tulikuwa tumepita Katito mchana ule ule. Nilikuwa nimesinzia.

Usiku tukalala kwake, kesho tukarudi njia ile ile, tukashuka Katito, tukapata usafiri wa kuelekea ziwani. Tulifika kwa Mama Saida mchana, jua la utosi. Saida, ambaye sasa alikuwa ameolewa na anakaa nyumba ya jirani, alitukumbatia, akanionyesha jiko la nyuma. Mlango ulikuwa umerudishwa.

Nikapiga hodi. Nikasikia sahani ikisogezwa chini haraka.

Nikasukuma.

Alikuwa amekonda, wakuu. Ameketi kwenye kigoda, leso ameifunika juu ya kitu mapajani. Nikaona ukingo wa sahani.

Nikamwambia, "Mbona unakula kama mwizi, Mama?"

Akainua uso. "Nyar Tanzania," akasema, na leso ikaanguka.

Ilikuwa ni presha. Daktari alikuwa amemkataza kufunga. Na amemkataza chumvi. Nilipotoa mfuko wa Uvinza alicheka mpaka akashika kifua. "Vitu vyote vya Tanzania, ukaona hakuna zawadi ingine?"

Tukakaa pale jikoni, mimi na yeye, tukala ugali wake na mboga isiyo na chembe ya chumvi. Ilikuwa mara ya kwanza kula naye sahani moja. Nikajitia moyo, nikamuuliza lile swali lililokuwa limekaa kooni kwangu miaka yote.

"Mama, kwa nini ulikuwa unaniita mara moja tu?"

Akashangaa. "Ulitaka ngapi?"

Nikamweleza habari ya mama yangu, na mwito wa tatu, na kushikwa mkono. Alisikiliza ameacha kutafuna.

Kisha akanieleza yake. Yeye ni wa Kisian, karibu na Kisumu, alizaliwa kanisani kama mimi. Alipoolewa Kendu Bay, Ramadhani ya kwanza mama mkwe alimshika mkono akamkalisha mkekani kabla hajaelewa amekaa wapi wala amekuwa nani. Baadaye aliipenda dini, akaishika kuliko wao. Lakini ule mkono hakuusahau.

"Nikasema mtu wa dini ingine, mimi nitamuita mara moja. Akitaka, atakuja na miguu yake. Sitavuta mtu." Akatazama sahani. "Kila siku niliacha nafasi yako hapo upande yangu, nyathina. Saida alikuwa anauliza mbona tunabanana upande moja."

Nyathina ni mwanangu.

Nililia, yeye akawa ananipangusa na leso yenye unga.

Jioni ikafika. Saida alikuwa amepika kwake, akaniletea mchuzi nionje, kwa sababu habari yangu iliishi kwenye familia ile. Adhana ikalia. Mkeka ukatandikwa uani, watoto wa Saida, mume wake, Neema ameshaketi zamani.

"Mama Neema, karibu."

Nilikuwa nimeshasimama kabla hajamaliza. Nikageuka nyuma. Mama Saida alikuwa amebaki mlangoni mwa jiko.

"Twende, Mama."

"Asante," akasema, "nimeshiba."

Nikamwita mara ya pili. Mara ya tatu nikarudi nikamshika mkono, kama nilivyofundishwa. Akauacha mkono wake ndani ya wangu, lakini hakunyanyua mguu.

"Mtu amekula mchana hawezi kaa na watu wamefunga. Hakuna mtu amenikataza, ni mimi. Wewe enda. Nafasi yako iko."

Niliutazama mkeka. Nafasi ilikuwepo kweli, ila yule wa kukaa karibu nami hakuwepo. Nikarudi nikaketi naye kwenye kigoda cha pili, jikoni. Saida akatuletea sahani imefunikwa. Tukasikia vijiko vya wenzetu kupitia ukutani.

Mama Saida akachukua kijiko, akachota mchuzi asioruhusiwa, akanidondoshea kiganjani.

"Imekolea?"

Nikalamba.

"Imekolea, Mama."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akafunika sahani.

Alifariki kabla ya Ramadhani nyingine. Habari zilinifikia ameshazikwa.

Mnaotafuta funzo, mimi nina hili moja. Adabu yangu ilikuwa njema na adabu yake ilikuwa njema, na hizo adabu mbili zilitunyima jioni zote zile. Ukiitwa, nyanyuka. Na ukimwita mtu akasema ameshiba, usiamini upesi. Siku hizi wajukuu wananicheka, wanasema bibi anakaribisha mgeni mpaka mgeni anakasirika. Waache wacheke.

Sasa zamu yenu. Aliyewahi kukaa ugenini mwezi kama huu, aseme alikaa mkekani au alibaki mlangoni. Na wewe mwenye jirani unayemwita mara moja kwa heshima, mwite tena leo jioni, halafu urudi hapa utuambie kama alikuja.